Kinga ya Bei na Kinga ya Shilingi: Derivativu katika Vilima vya Kasulu na Kibondo

Derivativu ni mkataba ambao thamani yake hutokana na kitu kingine kilichotajwa ndani yake: bei ya dola, bei ya kahawa, kiwango cha riba au bei ya dizeli. Anayeingia mkataba huo hachukui gunia wala noti siku hiyo. Anachukua haki au wajibu juu ya bei ya siku ambayo bado haijafika. Mikononi mwa asiye na mzigo wala deni, mkataba huo ni kamari. Mikononi mwa mwenye navyo, ni kinga. Ili kuujua ni upi kati ya hayo mawili, inatosha kumuuliza aliyeushika ana nini ghalani, anadaiwa kiasi gani, na tarehe ya kulipa ni lini.

Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, kwenye vilima vya Buha vinavyopakana na Burundi. Hakuna soko la mikataba ya aina hii huko. Hata hivyo hatari ambazo mikataba hii ilitungwa kuzikinga zimejaa tele. Kahawa ya arabika ya Manyovu, eneo lililokuwa sehemu ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoanzishwa mwaka 2012, hufuata bei ya soko la New York. Tumbaku ya mkoa huu kwa miaka mingi imetajiwa bei elekezi kwa dola. Maharage na unga wa muhogo huvuka Mabamba, mpakani mwa Kibondo, na upande wa pili hununuliwa na watu wenye faranga. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu tangu 1996, na ya Nduta iliyofunguliwa upya Kibondo mwaka 2015, zimeendeshwa kwa michango ya dola na euro inayogeuzwa shilingi. Dizeli inayosafirisha vyote hivyo hununuliwa nje kwa dola. Mkulima wa Heru Juu, Kasulu, hajaweka sahihi popote, lakini mabadiliko ya bei za mbali humfikia shambani kwake.

Kwa muda mrefu hatari ya fedha za kigeni ilikuja kwa sura nyingine. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, bei yake dhidi ya dola ilipangwa na serikali, na katika shida ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 tatizo la mnunuzi lilikuwa kupata dola yenyewe, siyo bei yake kuyumba. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ilifungua maduka ya kubadilishia fedha, na baadaye soko la dola kati ya benki likaanza. Tangu hapo shilingi huelea. Huweza kutulia kwa miaka kisha ikaruka ghafla: mwaka 2015 dola ilianza ikiwa karibu na shilingi 1,730 na kumaliza ikiwa takriban 2,150. Utulivu uliofuata uliwazoesha wengi kudhani kwamba bei hiyo ni ya kudumu. Mwaka 2023 na 2024 dola zikaadimika, bei ikapanda hadi kupita 2,700 mnamo Oktoba 2024, halafu kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400.

Kushuka huko ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba hatari iko upande mmoja tu, wa shilingi kudhoofika. Kwa chama cha ushirika kinachouza kahawa nje, hali ni kinyume. Chama hukopa shilingi benki, huwalipa wakulima malipo ya awali kwa shilingi, kisha husubiri dola za mnunuzi. Kama chama kilipiga hesabu ya dola 200,000 wakati dola ikiwa 2,700, kilijua kitapata shilingi milioni 540. Dola hizo zikiingia wakati bei ni 2,400, zinakuwa milioni 480. Milioni 60 zimepotea, na kahawa haikuharibika hata punje. Deni la benki halikupungua kwa shilingi hata moja. Kinachokatwa ni malipo ya pili na ya mwisho ya mkulima, ambaye aliahidiwa kwa mdomo na hana karatasi ya kudai.

Chombo rahisi kuliko vyote dhidi ya pigo kama hilo ni mkataba wa mbele: chama kinakubaliana na benki leo kwamba baada ya miezi mitatu kitaiuzia dola 200,000 kwa bei inayoandikwa leo. Bei hiyo haitokani na utabiri wa benki kuhusu shilingi. Inatokana na tofauti ya riba. Benki inayotaka kujifunga kununua dola baadaye inaweza kukopa dola leo, kuziuza, kuweka shilingi kwenye dhamana za serikali zenye riba kubwa zaidi, kisha kulipa mkopo kwa dola za chama. Kama riba ya shilingi ni asilimia 10 kwa mwaka na ya dola ni asilimia 4, dola ya leo ya 2,700 ina bei ya haki ya takriban 2,740 kwa miezi mitatu ijayo. Benki itakata faida yake hapo. Lakini jambo ambalo wauzaji wengi wa nje hawalijui ni kwamba, riba za hapa zikiwa juu ya za Marekani, mkataba wa mbele humpa muuzaji wa dola shilingi nyingi kuliko bei ya leo. Anayelipia tofauti hiyo ni mwagizaji wa bidhaa, mwenye kuhitaji dola baadaye. Kwake kinga ina gharama kila mwezi, na ndiyo maana waagizaji wengi huiacha hadi siku wanapoumia.

Mkataba wa mbele hufunga pande zote mbili. Shilingi ikidhoofika badala ya kuimarika, chama kitatoa dola zake kwa bei ya zamani huku jirani asiyejikinga akipata zaidi. Mwanachama atauliza kwenye mkutano mkuu kwa nini fedha zimeachwa mezani, na bodi isiyoandika sababu zake mapema itashindwa kujibu. Jibu lipo: lengo lilikuwa kujua kiasi, na kiasi kilijulikana. Ubaya mkubwa zaidi hutokea pale kahawa yenyewe isipopatikana. Ukame ukija, au wanachama wakiuza pembeni kwa mchuuzi mwenye fedha mkononi, chama bado kinadaiwa dola ambazo hakina, na kinalazimika kuzinunua sokoni. Kwa hiyo busara ni kukinga mzigo uliokwisha kupimwa na kuingia ghalani, au sehemu tu ya mavuno yanayotarajiwa. Tena benki huuhesabu mkataba huu kama mkopo: hudai dhamana au kiwango cha mkopo kilichoidhinishwa. Chama ambacho nyumba yake na ghala lake vimeshawekwa rehani kwa ajili ya malipo ya awali hubaki mlangoni.

Mkataba wa mbele si mgeni katika ukanda huu; kilicho kigeni ni jina tu. Mkoani Kagera, jirani wa kaskazini, kuna butura: mkulima anauza kahawa ikingali changa mtini ili apate fedha za ada ya shule au matibabu, na mnunuzi anaichukua ikiiva. Bei imefungwa mapema, tarehe inajulikana, mzigo umetajwa. Kwa umbile ni mkataba wa mbele kamili. Kinachoufanya uwe mzigo kwa mkulima ni kwamba ndani ya bei ile mna riba kubwa isiyotajwa, na kwamba upande mmoja unajua bei ya mnada wa Moshi na ya New York ilhali mwingine hajui. Serikali imeupiga vita kwa haki. Lakini kuupiga vita bila kuweka mahali pengine pa kupata fedha kabla ya mavuno kumeuacha uendelee usiku.

Bei ya kahawa yenyewe hutikisika kuliko shilingi. Arabika mjini New York ilianguka chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwaka 2001, ikapita senti 300 mwaka 2011, na kupita 400 mapema mwaka 2025. Hakuna kaya inayoweza kupanga maisha juu ya bei za namna hiyo. Huko New York huuzwa fyucha, mikataba ya mbele iliyosanifiwa kwa ukubwa, daraja na mwezi mmoja ili iweze kuuzwa na kununuliwa kila dakika. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani karibu tani 17. Familia yenye kilo 500 za kahawa safi, ambayo si haba, ingehitaji kuungana na nyingine 33 ili kufikisha mkataba mmoja. Chama cha msingi au muungano wa vyama kama Kanyovu, unaokusanya kahawa ya Kigoma, unafikia ukubwa huo. Mkulima mmoja hafiki, na hakuna haja ya kumdanganya kwamba simu yake ya mkononi itamfikisha.

Kwa vyama, chombo kinachofaa zaidi ni opsheni ya kuuza. Hii ni haki bila wajibu: mwenye nayo analipa ada mwanzoni, na bei ikianguka chini ya kiwango kilichoandikwa analipwa tofauti, bei ikipanda anaiacha karatasi na kuuza kahawa yake kwa bei nzuri. Bei ikiwa senti 250, na chama kikanunua haki ya kuuza kwa 240 kwa ada ya senti 12, mkataba mmoja unagharimu dola 4,500. Bei ikishuka hadi 190, chama kinapokea dola 18,750. Ikipanda hadi 300, zimekwenda zile 4,500 na hakuna kingine kinachodaiwa. Inafanana na bima, na kama bima, mwaka usio na ajali huonekana kama mwaka wa fedha kupotea.

Tanzania ilishajaribu njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikosi kazi cha kimataifa cha kudhibiti hatari za bei za mazao, kilichoundwa chini ya Benki ya Dunia mwaka 1999, kilisaidia vyama vya ushirika vya nchi kadhaa kununua opsheni, na KNCU ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwao. Benki ya CRDB nayo iliingia, kwa sababu inayoeleweka kirahisi: ndiyo iliyokopesha fedha za kununulia kahawa na pamba, na bei ikianguka kati ya malipo ya awali na mauzo, anayebaki na deni bovu ni benki. Jaribio lile lilionyesha kwamba ufundi hauwashindi wana ushirika. Kilicholemea ni ada ya kulipwa taslimu kabla ya msimu, wakati mfuko ni mtupu, na ugumu wa kueleza gharama hiyo kwa wanachama bei ilipopanda. Pia opsheni ya New York hukinga bei ya New York tu. Kahawa ya Kigoma huuzwa kwa nyongeza au punguzo juu ya bei hiyo kulingana na ubora, msimu na gharama za njia, na pengo hilo hubaki wazi kwa mvua na jua.

Fyucha na mikataba ya mbele mikubwa ina hatari nyingine ambayo opsheni ya kununuliwa haina: amana ya nyongeza. Bei ikienda kinyume, upande wa pili hudai fedha taslimu sasa hivi, hata kama mzigo wenye kufidia hasara hiyo upo lakini hautauzwa hadi mwakani. Mfano ulio karibu kabisa ni wa mgodi wa dhahabu wa Geita. Mgodi ule ulikuwa mali ya Ashanti Goldfields ya Ghana, kampuni iliyokuwa imejifunga kwa mikataba ya kuuza mamilioni ya aunsi za dhahabu bei ikiwa chini. Mwishoni mwa Septemba 1999, benki kuu za Ulaya zilitangaza kuweka kikomo kwa uuzaji wa dhahabu yao, na bei ikaruka ndani ya siku chache. Ashanti ilikuwa na dhahabu ardhini, na bei yake ilikuwa imepanda. Lakini benki zilidai amana leo, na dhahabu iliyo ardhini hailipi leo. Mwaka 2000 kampuni iliuza nusu ya mgodi wa Geita kwa AngloGold. Kenya Airways nayo iliumia kwa upande wa pili wa bei: ilijikinga dhidi ya mafuta kupanda, kisha mwaka 2008 mafuta yakaanguka kutoka dola 147 kwa pipa Julai hadi chini ya 40 Desemba. Mwaka wake wa hesabu ulioishia Machi 2009 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 4 za Kenya, iliyotokana hasa na mikataba hiyo.

Habari hizo mbili husimuliwa kama ushahidi kwamba derivativu ni sumu. Usomaji wa haki unasema jambo jembamba zaidi. Ashanti ilikuwa na mzigo wa kutosha lakini haikuwa na fedha taslimu za kuvumilia hadi mzigo utoke. Shirika la ndege liliokoa kwenye mafuta mapya kile kilichopotea kwenye karatasi, lakini kilipotea kwanza na kuokolewa polepole. Muda ndio uliowaumiza. Na muda ndio udhaifu wa chama cha ushirika, ambacho mapato yake huja mara moja kwa mwaka.

Mafuta hayawezi kukingwa kwa namna yoyote na mwenye lori la Kasulu. EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei ya miji ya mbali hubeba gharama ya kusafirisha kutoka bandarini. Uagizaji hufanywa kwa pamoja, kwa hiyo kama kinga ingenunuliwa, ingekuwa kazi ya ngazi ya taifa. Kwenye umeme hatari hiyo ilipunguzwa bila derivativu yoyote: Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka, na zilipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, utegemezi huo wa bei ya dunia uliondolewa na nguzo na nyaya. Kinga ya namna hii ni ghali mwanzoni na bora kuliko karatasi.

Kuna pia hatari ya riba na ya deni la nchi. Barabara ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu, karibu kilomita 260, ni mradi wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2018. Magari yanayopita humo hulipa kodi kwa shilingi. Deni la nje la Tanzania, kwa takriban theluthi mbili, ni la dola. Chombo cha hapa ni swopu, makubaliano ya kubadilishana malipo: riba inayopanda na kushuka kwa riba isiyobadilika, au dola kwa sarafu nyingine. Benki za maendeleo huwapa wakopaji wao huduma hiyo. Kwa taasisi ndogo za mikopo zinazokopa dola Ulaya na kukopesha shilingi vijijini, mfuko wa TCX ulioanzishwa Uholanzi mwaka 2007 hufanya kazi hiyohiyo kwa sarafu ambazo benki kubwa huziogopa, ya Tanzania ikiwemo. Malipo hufanyika kwa dola, kwa kulinganisha bei ya mkataba na bei rasmi ya siku ya mwisho, bila shilingi kuvuka mpaka.

Kwenye kambi hesabu ni hiyohiyo, ila anayeumia hana kura katika mkutano wowote. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kutoa fedha taslimu badala ya chakula kwa sehemu ya wakimbizi wa Nyarugusu, mpango uliositishwa mwaka 2017. Kiwango cha kila mtu kilikuwa cha shilingi, na mchango ulitoka nje kwa dola. Kila shilingi inapoimarika, mchango uleule hulisha watu wachache. WFP hununua euro kwa mikataba ya mbele ili kukinga gharama za makao yake makuu Roma, kwa kuwa zinajulikana mwaka mzima kabla. Michango ya operesheni huja vipandevipande na bila tarehe ya uhakika, na ahadi isiyo na tarehe haikingiki.

Faranga ya Burundi ndiyo mahali ambapo derivativu hugota kabisa. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani rasmi ya sarafu yake, bei ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi, kutoka faranga karibu 2,000 hadi karibu 2,800, na bado mtaani dola iliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mkataba wa mbele huhitaji bei moja ambayo pande zote zitaikubali siku ya malipo. Panapokuwa na bei mbili, mkataba utafuata ile rasmi, na mfanyabiashara wa Mabamba anaishi kwa ile ya mtaani. Hivyo hujikinga kwa njia za kale, nazo hufanya kazi: hutaja bei kwa shilingi tangu mwanzo, hubadilisha faranga jioni ileile, au hununua bidhaa za kurudi nazo ili faranga zisilale kwake. Mkulima wa tumbaku aliyekopeshwa pembejeo kwa dola na kulipwa zao kwa dola alikuwa na kinga ya aina hiyo bila kuijua, kwa sehemu ya deni tu. Ada za watoto zilibaki za shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi zina sababu zake, lakini zimewafungia baadhi ya wafanyabiashara kinga hii ya asili, nao sasa wanahitaji zaidi ile ya benki.

Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililozinduliwa mwaka 2015, lina mamlaka ya kufika hadi kwenye fyucha, ila hadi sasa kazi yake ni minada ya mzigo uliopo ghalani. Kenya ilifungua soko la derivativu mjini Nairobi Julai 2019, kwa fyucha za hisa, si za mazao. Fyucha ya maharage ya Kigoma ingekuwa kitu cha thamani, maana hakuna soko la dunia linaloweza kuazimwa bei kama ilivyo kwa kahawa. Lakini fyucha husimama juu ya gunia linalojulikana. Maharage ya Kasulu huuzwa yakiwa mchanganyiko wa rangi na mbegu, mengine kwa debe, na gunia la mnunuzi aghalabu ni lumbesa, limejazwa hadi kushonewa kilemba. Mkataba wa tani 5 za mzigo ambao hakuna awezaye kusema uzito wala daraja lake hauwezi kuandikwa, achilia mbali kuuzwa mara kumi kabla ya kuiva. Kwa wakati huu kilicho karibu zaidi na kinga kwa maharage ni stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya 2005: mzigo unapimwa kwa mizani, unapewa daraja, na stakabadhi yake inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo ili mkulima asiuze katika wiki ile ya mavuno ambayo kila mtu anauza.